Blauzi ya mama mkwe inapanda nyuma, vipimo vya mgongo nakosea wapi?

Habari zenu mafundi. Nipo Mwanjelwa, Mbeya, nina mwaka mmoja kwenye cherehani. Nimemshonea mama mkwe blauzi ya kitenge kwa ajili ya sendofu ya wifi yangu. Zipu iko ubavuni, mbele imekaa vizuri. Nyuma ndiyo shida: inapanda juu ya kiuno, na akinyoosha mikono mgongo unabana hadi mshono wa kwapa unataka kuachia. Nilipata urefu wa mgongo inchi 15, upana 14. Alikuwa na sweta, baridi ilikuwa kali. Kitenge kimebaki kipande kidogo. Naombeni msaada, sitaki mama avae kwa kunihurumia.

Fundi wa Makambako:
Dada, sweta limekuficha mfupa. Mwambie mama ainamishe kichwa, chini ya shingo utaona mfupa umetokeza kuliko mingine. Weka kidole hapo, ainue kichwa, ndipo uanze kupima. Kiuno usikikisie kwa macho. Mfunge kamba, ainame kidogo upande, kamba itakaa yenyewe penye kiuno. Futi ifuate mgongo hadi kwenye kamba. Mama zetu wamelima na kubeba watoto miaka mingi, migongo imejikunja kidogo, kwa hiyo nyuma inataka urefu zaidi.

Mama Vitenge, Iringa:
Upana je? Shuka kama inchi 4 kutoka kwenye huo mfupa, pima toka mkunjo wa kwapa hadi mkunjo wa kwapa. Mtu akiona futi hujikaza, anatoa kifua, mgongo unapungua. Mpigishe stori kwanza! Mimi humwambia ajikumbatie ndipo napima.

Fundi wa Makambako:
Kujikumbatia hapana, mama. Ukikata kwa kipimo hicho, akisimama nyuma inavimba. Pima amelegea, ongeza nusu inchi kwa upana wote. Na ukikunja kitambaa, kumbuka kugawa kwa mbili.

Mwenye uzi:
Nimempima upya bila sweta: urefu 16 na nusu, upana 15! Sasa nifanyeje na iliyokwisha kushonwa?

Mama Vitenge, Iringa:
Fumua mabega na mikono. Kata nyuma karibu na usawa wa kwapa, sehemu yote ya juu uikate upya kwa hicho kipande, kwa vipimo vipya.

Mwenye uzi:
Kinatosha, ila maua yatageuka chini juu.

Mama Vitenge, Iringa:
Mtandio utafunika. Shikiza kwa mkono kwanza, mvalishe, mwambie anyooshe mikono, ndipo upige cherehani.