Vinyama vinaning'inia shingoni na kwapani na vinazidi kuongezeka, navitoaje?

Binti_Dera: Habari zenu wapendwa, naombeni msaada kwa anayejua. Nina vinyama vidogo vidogo vinaning'inia shingoni, vingine rangi ya ngozi yangu vingine vyeusi zaidi, haviumi ila kero tupu, nikivaa cheni inanasa, nikivua dera kimoja kinachubuka kinatoka damu. Vilianza vichache nikiwa na mimba ya huyu wa pili, nikajua nikijifungua vitaisha, wapi! sasa hivi vipo mpaka kwapani na chini ya titi. Mama mkwe anasema nivifunge na unywele vitadondoka vyenyewe, shosti wangu naye kaniletea kichupa cha dawa ya mtandaoni eti unapaka usiku asubuhi vimekauka. Kuna aliyevitoa bila kubaki na makovu? Na mtoto anavishikashika akinyonya, si vitamwambukiza?

Mjomba_wa_Kitaa: Hicho kichupa tupa kule dada. Nyingi ya hizo ni asidi tu na asidi haijui kinyama kinaishia wapi ngozi inaanzia wapi. Shemeji yangu alipaka, kinyama kilitoka kweli ila kidonda kikamsumbua na baka jeupe saizi ya sarafu ya mia limebaki pale pale, sasa anashinda na mtandio. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilishatoa onyo 2022, haijaidhinisha hata dawa moja ya kujinunulia ya kuondoa vinyama hivi. Na wale wa siki ya tufaha watakuja hapa sasa hivi, hiyo nayo inaunguza vile vile.

Tabibu_ngozi: Kwa ulivyoeleza hizo sio chunjua. Chunjua, au masundosundo, inaletwa na kirusi na inaambukiza, uso wake mgumu unakwaruza. Vyako ni laini vina kikonyo, ukikisukuma kinacheza. Mtoto nyonyesha tu, haviambukizi. Vinapenda sehemu ngozi inapojisugua, mimba inavichochea, unene pia, na kuna familia vinatembea humo.

Ila nikuulize, shingo nyuma imekuwa nyeusi na ngozi nene? Maana watu wanasugua na dodoki mpaka wanajichubua wakidhani ni uchafu. Hivyo viwili vikija pamoja mara nyingi mwili unahangaika na insulini, ile homoni ya kushusha sukari, sasa kabla ya mkasi nenda kapime sukari asubuhi hujala kitu. Ikisoma 7.0 mmol/L au zaidi na wakirudia siku nyingine ikawa hivyo hivyo hicho ni kisukari, 6.1 mpaka 6.9 uko njiani. Ukivitoa bila kuangalia hilo vitaota vingine pembeni utarudi tena.

Kuvitoa kwenyewe ni kazi ndogo. Cha kikonyo chembamba tunakishika na kibano tunakata na mkasi uliotakaswa, vile vidogo kabisa hata ganzi si lazima, tunakandamiza damu inakata. Kikubwa unachomwa ganzi kwanza halafu tunakiunguza kwa umeme. Kuna kugandisha kwa nitrojeni ya kimiminika pia, ile ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ila kwa ngozi zetu nyeusi mimi shingoni siipendi, baridi ile inaua seli za rangi unabaki na madoa meupe. Kama ulipotoboa masikio yaliota vinundu sema mapema, maana hata hapa kovu linaweza kuvimba. Unywele wa mama mkwe, kwa heshima zote, hapana, kinyama kinaoza taratibu na kwapani kuna jasho, ukija kwetu una usaha.

Binti_Dera: Asante sana tabibu, shingo nyeusi ndiyo ipo mimi nikasingizia cheni za feki 😩 Jumatatu naenda kupima. Je bei zikoje na bima inalipa?

Mnyaki_Moshi: Bima mara nyingi wanahesabu ni urembo, ila cha kwako kinatoka damu, mwambie daktari aandike hivyo. Bei uliza kabla hujalala kitandani maana kuna wanaohesabu kimoja kimoja, ukiwa navyo shingo nzima utalia. Anzia kliniki ya ngozi hospitali ya rufaa ya mkoa wako, huku kwetu Moshi kwenye hospitali ya KCMC kuna chuo cha magonjwa ya ngozi tangu miaka ya 90 na waliosoma hapo wametapakaa mikoani.

Tabibu_ngozi: Naongezea kwa wanaosoma. Vile vidoa vyeusi vya mashavuni kama vya Morgan Freeman ni kitu kingine, vya kurithi, havina shida. Kinachokua haraka, kinachobadilika rangi au kutoka damu bila kuguswa kikatwe kipelekwe maabara. Na mtu mzima akijaa ghafla usoni vipele vyenye kishimo katikati, apime VVU. Vya kwenye kope na sehemu za siri msijiguse wenyewe kabisa.