Tupeane uzoefu: mechi ya sataranji uliyokwisha kuishinda, ikakuponyoka

Wakuu, habari za jioni. Mwanangu karudi kutoka mashindano ya watoto wa chini ya miaka 14, kajifungia chumbani, hataki kula. Namwelewa.

Nilikuwa na miaka 13, raundi ya mwisho, kwenye bwalo la shule moja hapa Dar. Binti niliyecheza naye kabakiwa na mfalme peke yake, kona ya h8 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa kulala). Mimi nina malkia g3 na ngome a1. Ngome iende h1, mfalme kafungwa, basi, tupeane mikono. Ila saa yangu ilibaki na sekunde kama 20, na mwalimu kasimama ukutani, kakunja mikono. Nikamsukuma malkia mpaka g6, kete ikalia “ko!” Binti akautazama ubao, akasimamisha saa, akamwita mwamuzi. Mfalme wake hashambuliwi, na hana pa kukanyaga. Sare. Alikuwa kaibana kalamu ya bluu sikioni. Kalamu ile naikumbuka mpaka leo.

Haya, zenu?

— Pole mkuu. Mimi niligusa malkia, nikaona heri farasi, nikamwachia. Dogo wa miaka 10, miguu haifiki hata sakafuni, akaniambia, “Kaka, umemgusa, mcheze.” Nikakana! Kumbe mwamuzi yuko nyuma yangu.

— Yangu ni ya kitunda. Kimefika mstari wa 8, ambapo huweza kugeuzwa malkia, ila malkia simwoni mezani, nikageuza ngome miguu juu iwe malkia, kama tulivyozoea kijiweni. Mwamuzi akasema hiyo ni ngome tu. Nililia. Baadaye ndipo nikasoma kwamba hata wakubwa yamewakuta: kwenye ubingwa wa Canada 2017 Noritsyn aligeuza ngome hivyo hivyo dhidi ya Sambuev, ikahesabiwa ngome, na malkia aliyeliwa alikuwa mkononi mwa Sambuev. Wafundisheni watoto: malkia haonekani, simamisha saa, mwombe mwamuzi. Hakuna anayekukimbiza.

— Hapo kwenye saa ndipo wengi wanapofia. Mimi muda uliniishia nikiwa naongoza kwa ngome mbili. Mpinzani angekuwa na mfalme mtupu ingekuwa sare, lakini alibakiwa na kitunda kimoja, na kitunda huweza kuwa malkia. Nikahesabiwa nimefungwa.

— Mleta mada, mtoto kala?

— Kala, chapati mbili. Sasa kaleta ubao, anataka nimwonyeshe hiyo g6.