Naomba ushauri wa gofu: feidi yangu ya draiva inageuka slaisi

Wakuu habari zenu, mi napiga mkono wa kulia na nataka feidi ya kueleweka, yani mpira uanzie kushoto kidogo ya shabaha halafu urudi taratibu kulia. Kwa aironi 7 (klabu ya chuma ya umbali wa kati) mambo safi kabisa, napanga miguu na mabega kushoto, uso wa klabu nauelekeza katikati ya njia ya swingi na shabaha, mpira unatii. Shida draiva (klabu ndefu ya kupigia mbali), hapo mpira unakata kulia mpaka porini, ndo hiyo slaisi. Jack Nicklaus, yule mcheza gofu Mmarekani, alibeba meja 18 (mashindano makubwa kabisa ya gofu) na feidi ndo ilikuwa shoti yake kuu, so inawezekana. Je niusogeze mpira nyuma kidogo au mikono ndo inachelewa kugeuka? Na renji (uwanja wa mazoezi) mnafanya drili gani? Msaada tafadhali, hii shoti naitaka sana.