Gia mpya ya meno 38 inalia na kupata moto: kosa ni la kipimo au la chuma?

Mkamuzi wa Jomvu

Assalaam aleikum ndugu mafundi. Nina kinu cha kukamua mafuta ya nazi hapa Jomvu, mashine kuukuu ya Kiingereza niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na mwezi uliopita gia yake kubwa ilivunjika meno matatu baada ya jiwe kuingia pamoja na mbata. Gia hiyo ina meno 38 yaliyonyooka, na kipenyo chake cha nje ni milimita 169.3. Gia ndogo inayoizungusha ina meno 17, na kwa venia (kipimio cha taya mbili) naipata kipenyo cha nje cha milimita 80. Nilimpelekea fundi mmoja, akanitengenezea nyingine ya meno 38 yenye kipenyo kile kile, na kwa macho huwezi kuitofautisha na ile ya zamani. Tulipoifunga, ililia tangu mzunguko wa kwanza, baada ya robo saa ikawa haishikiki kwa mkono, na grisi imejaa unga wa chuma. Fundi anasema tatizo ni chuma, tununue kilicho kigumu zaidi. Kabla sijalipa mara ya pili naomba ushauri: nibadilishe chuma, au niachane na gia nifunge sproketi na cheni?

Fundi Kereza, Shimanzi

Waaleikum salaam. Chuma laini huliwa polepole. Hakilii siku ya kwanza. Hapo kipimo ndicho kilichokosewa, na tarakimu zako mwenyewe zinaonyesha.

Chukua kipenyo cha nje, ukigawe kwa idadi ya meno ukiwa umeiongeza mawili: 169.3 kwa 40 ni 4.23. Hiyo ndiyo moduli, yaani kipimo cha ukubwa wa jino kwa milimita, na zilizozoeleka karibu na hapo ni 4 na 4.5, kwa hivyo gia yako haikukatwa kwa milimita. Gawanya 25.4 kwa 4.23 na utapata 6 kamili, yaani ni gia ya DP 6, kipimo cha Waingereza cha meno sita kwa kila inchi ya kipenyo cha pichi, yaani cha duara ambapo meno ya gia mbili hukutana. Gia ndogo nayo inakubaliana, ingawa ina meno 17, na gia yenye meno witiri venia huipunguza kidogo kwa sababu ncha ya jino hukabiliana na bonde upande wa pili.

Ninavyodhani, fundi wako alikereza duara la 169.3, akaligawa mara 38 sawasawa, kisha akachimba kwa kata (kisu cha kuchongea meno) ya moduli 4, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo. Kutoka jino hadi jino gia yako inataka milimita 13.3, ilhali kata ile imechongwa kwa ajili ya 12.57. Bonde likawa jembamba na jino likabaki nene, basi jino la gia ndogo linajishindilia humo kila linapopita, na huo ndio moto unaouona. Ukiifanya gia hiyo hiyo kwa chuma kigumu zaidi, itamaliza gia ndogo badala ya kujimaliza yenyewe.

Pima umbali wa kati kwa kati wa shafti mbili. Ukipata karibu 116.4 ni DP 6. Za moduli 4 zingekaa kwenye 110. Halafu mwombe fundi akuonyeshe namba iliyogongwa ubavuni mwa kata yake.

Mhandisi wa Changamwe

Naafikiana na Fundi, na naongeza jambo moja ambalo huwaponza wengi: pembe ya mgandamizo, yaani mwinamo ambao jino husukumia jino jingine. Gia za siku hizi kwa kawaida ni za nyuzi 20, lakini mashine nyingi za zamani zilikatwa kwa nyuzi 14.5, na gia mbili za pembe tofauti hazikai pamoja hata DP ikiwa sawa. Kwenye meno yaliyolika pembe hiyo ni ngumu kuisoma. Kwa sababu hiyo mimi ningekata zote mbili kwa pamoja, DP 6, nyuzi 20, ilimradi umbali wa shafti usibadilike. Gia ndogo yako imeshasaga chuma, usiitegemee.

Kwa chuma, EN8 (chuma cha kaboni ya wastani) inatosha kwa ile kubwa. Ndogo ifanywe kwa EN24, chuma cha aloi chenye nguvu zaidi, kwa kuwa kila jino lake hufanya kazi zaidi ya mara mbili ya jino la kubwa.

Kuhusu cheni, kuna mambo mawili. Gia mbili zikishikana huzunguka kinyume, lakini sproketi mbili huzunguka upande mmoja, kwa hivyo parafujo ya kinu itasukuma mbata nyuma mpaka ubadilishane nafasi za waya mbili za mota yako, ikiwa ni ya fezi tatu. Kubwa zaidi ni nafasi: katika milimita 116, hata sproketi za cheni ya nusu inchi, yaani 08B, za meno 17 na 38, zitagusana ncha au kukaribia kugusana. Cheni itakayoenea hapo ni nyembamba mno kwa kazi ya kukamua.

Mkamuzi wa Jomvu

Shukrani nyingi. Nimepima leo asubuhi: kati kwa kati ni 116 na nusu hivi. Kata ya fundi nayo imegongwa 4, na mwenyewe amekiri kwamba ya inchi hakuwa nayo. Nitaagiza zote mbili kama jozi. Shafti kubwa inasoma 38.1, je, nimwandikie tundu la 38?

Fundi Kereza, Shimanzi

La, 38.1 ni inchi moja na nusu; tundu la 38 halitaingia ila kwa nyundo, na nyundo itakuvunjia beringi. Andika inchi moja na nusu, na mfereji wa kii (kipande cha chuma kinachoifunga gia kwenye shafti) uwe na upana wa inchi tatu kwa nane, yaani 9.53, si 10. Bora zaidi, mpelekee shafti yenyewe pamoja na kii yake ya zamani.