Hivi hawa wanaouza "mwisho wa dunia" wataacha lini kutufanya wajinga?

Wakuu, hili dukuduku nimekaa nalo muda, leo nalitoa.

Nimechoka na vibao. Kila penye upepo mkali na mwamba uliochomoza baharini, kuna mtu kachimbia kibao cha "Mwisho wa Dunia" na pembeni kafungua duka la fulana na vikombe. Norway wana Verdens Ende. Ufaransa wana Finistère, tena huo ni mkoa mzima. Hispania wana Finisterre, Uingereza wana Land's End, Argentina wana Ushuaia. Dunia moja ina miisho mingapi? Na ukimuuliza aliyerudi huko kwa nini ni pale na si kwingine, anakutolea picha!

Tuanze na Ushuaia maana ndio vinara wa kelele. Kuna treni ya mwisho wa dunia (asili yake ni reli ya wafungwa waliokuwa wakipelekwa msituni kukata miti). Kuna mhuri wa mwisho wa dunia unaogongewa kwenye pasipoti. Sawa, mji upo digrii 54 na dakika 48 kusini. Sasa fungua ramani. Vuka mlango wa bahari wa Beagle uingie upande wa Chile, unakutana na Puerto Williams, digrii 54 na dakika 56. Watu wanaishi, watoto wanasoma, ndege zinatua. Kisiwa hichohicho ilipo Puerto Williams, kusini zaidi, kuna kijiji cha wavuvi kinaitwa Puerto Toro. Bado hujafika Cape Horn, karibu kabisa na digrii 56, ambako Chile inamweka mwanajeshi wa majini alinde mnara wa taa, naye anahamia pale na mke na watoto. Yaani kuna watoto wanakimbizana upande wa pili wa mwisho wa dunia!

Zamani watu wa Ushuaia wakibanwa walisema Puerto Williams si mji. Mwaka 2019 Chile wakaipandisha hadhi ikawa mji. Kibao kimeng'olewa? Thubutu.

Kinachonichefua zaidi ni hiki: bandari ya Ushuaia ndiyo inayopakia sehemu kubwa ya watalii wa Antaktika. Unafika mwisho wa dunia, unapanga foleni, unapanda meli ya kwenda mbele! Inavuka mkondo wa Drake kama siku mbili, na huko inakokwenda kuna bara la kilomita za mraba milioni 14. Mwisho gani huo una stendi ya kuunganishia safari?

Kibao kimoja tu kule nakiheshimu, kile cha ghuba ya Lapataia. Ni mbao tu zenye maandishi: Barabara ya Taifa namba 3 inaishia hapa, Buenos Aires kilomita 3,079, Alaska kilomita 17,848. Basi. Kinasema barabara imeisha. Dunia hakijaigusa.

Ulaya ndiyo usiseme. Mahujaji wa Santiago de Compostela, kulekule Hispania, wanakwenda hadi rasi ya Finisterre, kuna jiwe limeandikwa kilomita 0.00, wanalikumbatia. Sikatai imani ya mtu, lakini kwa vipimo rasi ya jirani, Touriñán, iko magharibi zaidi, na zote zinazidiwa na Cabo da Roca ya Ureno, ambako wanakuuzia cheti chenye jina lako. Land's End hata kisiwa chake haikimalizi, Ardnamurchan ya Scotland inaipita kwa magharibi. Afrika nayo watu wanajazana Rasi ya Tumaini Jema wakidhani bara limeishia pale, wakati limeishia Agulhas, kama kilomita 150 kusini mashariki.

Halafu Nordkapp ya Norway, inayouzwa kama ncha ya kaskazini ya Ulaya. Watalii wanapigana vikumbo kwenye lile tufe la chuma juu ya jabali, kumbe upande wa kushoto kuna ulimi wa mwamba, Knivskjellodden, umelala chini baharini na umeingia kaskazini zaidi yao kwa karibu kilomita moja na nusu. Wanauona kwa macho! Kwa nini tufe halikuwekwa kule? Kwa sababu kule ni kutembea kwa miguu. Ndiyo siri yenyewe, wakuu: mwisho wa dunia siku zote unaangukia pale basi la watalii linapopata nafasi ya kugeuzia.

Wale ndugu zangu wa dunia bapa, mnaodai ukingoni imezungukwa na "ukuta wa barafu", najua mnakuja. Huo ukuta baharia Mwingereza James Clark Ross aliukuta kule Antaktika mwaka 1841, ni ukingo wa barafu inayoelea. Mnorway Amundsen akapita juu yake hadi ncha ya kusini, Desemba 14, 1911. Leo pale nchani kuna kituo cha Marekani. Barafu yake inateleza karibu mita 10 kwa mwaka, kwa hiyo kila Januari mosi wanachomeka upya alama ya ncha. Hata alama ya ncha haitulii, nyie mnataka ukuta.

Wa Har-Magedoni, huo ni mjadala wa lini, si wa wapi. Kilima cha Megido kipo kaskazini mwa Israeli, watu wanakata tiketi, wanatembea magofuni, wanarudi zao.

Uso wa mpira una eneo, hauna ukingo. Eratosthenes, msomi wa Kigiriki, alishapima mzingo wa dunia kwa kivuli karne ya 3 kabla ya Kristo, kwa hiyo kisingizio hakuna. Ukinilazimisha sana nitaje pahali, nitakupa Point Nemo, katikati ya Pasifiki ya kusini: kilomita 2,688 hadi nchi kavu iliyo karibu, kiasi kwamba kituo cha anga kikipita juu, walio karibu nawe ni wanaanga. Hakuna kibao, hakuna mhuri, hakuna fulana.

Anayebisha aje na latitudo. Picha za vibao sitajibu.