PHP (lugha ya kuandikia programu): kwa nini `and` haitoi jibu sawa na `&&`?

Swali
Habari zenu, wakuu. Katika programu yangu nimeandika `$ruhusa = $amesajiliwa and $amelipa;`, lakini mtu aliyesajiliwa bila kulipa anapata ruhusa. Nikiweka `&&` mahali pa `and`, anazuiwa inavyopaswa. Je, maana yake si moja?

Jibu la kwanza
Maana ni moja, ila kipaumbele, yaani alama ipi hushughulikiwa kwanza, ndicho kinachotofautiana. Katika PHP alama ya `=` hutangulia `and`, kwa hiyo mstari wako husomwa `($ruhusa = $amesajiliwa) and $amelipa`, yaani thamani ya usajili huhifadhiwa kwanza, kisha tokeo la `and` hupotea bila kutumika popote. Kinyume chake, `&&` hutangulia `=`.

Jibu la pili
Naongeza kwamba `&&` hutangulia `||` (alama ya "au"), hivyo `$a || $b && $c` ni sawa na `$a || ($b && $c)`. Mimi huweka mabano hata pasipolazimu, kwa sababu atakayesoma msimbo baada yangu huenda amezoea lugha nyingine, Python, ambako `x = a and b` huhifadhi tokeo zima.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Nimeurekebisha mstari huo, na sasa naikagua mingine yote yenye `and` na `or`.