Chama kimesema elimu bure, mwalimu wa hisabati analipwa na nani?

Kikundi: Ukoo wa Mzee Salehe

Mama Neema: Shikamoo baba, shikamoo shangazi, shikamoo baba mdogo. Wengine hamjambo. Naombeni ushauri kabla ya Jumamosi. Shuleni kwa Neema wameita kikao cha wazazi na ajenda ni moja tu: kila mzazi achangie ili alipwe kijana wa kujitolea anayefundisha hisabati kidato cha tatu na cha nne. Mwalimu aliyekuwepo kahamishwa, mwingine hajaletwa.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Si walisema elimu bila ada?

Hamisi: Ndiyo hapo sasa, shangazi. CCM waliinadi kwenye kampeni za 2015, Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka huohuo ukafuta ada hadi kidato cha nne, na 2022 wakaongeza cha tano na cha sita. Leo mzazi anaambiwa alete mshahara wa mwalimu.

Mama Neema: Ada kweli hatulipi, kaka, tusiwasingizie. Ile elfu 20 ya kutwa iliondoka, na ya bweni elfu 70 nayo. Mimi mwenye watatu sekondari najua nilivyopumua.

Baba Mdogo Bakari: Asante mama. Mimi ni balozi wa shina wa CCM, nimezunguka nyumba kwa nyumba. Nimewaona watoto waliokuwa wanachunga na kuuza karanga wakivaa sare Januari 2016. Chama kiliahidi na kikatekeleza.

Hamisi: Walivaa sare wakaenda kukaa wangapi darasa moja, baba mdogo?

Asha: Nimetoka kipindini. Niseme kama mwalimu, maana haya ndiyo maisha yangu. Serikali inaleta ruzuku, kiwango ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 wa sekondari kwa mwaka, na humo kuna vitabu pia. Ndiyo inunue chaki, karatasi za mitihani na bawaba za milango. Mshahara wa kijana wa kujitolea haumo. Mkuu wa shule akishakosa mwalimu hana pa kukimbilia zaidi ya wazazi. Na kumbukeni Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku walimu kushika michango ya wazazi. Kwa hiyo hapo mkuu amesimama kati ya amri na darasa tupu.

Mzee Salehe: Marahaba wanangu. Nimesoma yote. Nina la kusema na ni refu, mnivumilie, naandika kwa kidole kimoja.

Mzee Salehe: Mwaka 1974 mwezi Novemba, Halmashauri Kuu ya TANU, chama kilichoizaa CCM, ilikaa Musoma. Mpango wa zamani ulikuwa watoto wote wawe shuleni ifikapo 1989. Pale Musoma wakasema hapana, iwe 1977. Miaka kumi na mbili ikafyekwa kwa kikao kimoja. Wakati ule chama kikiamua, serikali kazi yake kutekeleza, hakuna wa kuuliza mara mbili. Ada ya msingi ilikuwa imeshafutwa 1973.

Mzee Salehe: Na uamuzi ulikuwa wa haki, nasema hivyo mpaka leo. Mwalimu Nyerere alishaandika Elimu ya Kujitegemea Machi 1967: shule ya msingi isiwe ngazi ya kuwapandisha wachache na kuwaacha wengi na aibu ya kufeli, iwe elimu iliyokamilika kwa atakayebaki kijijini. Sasa utasemaje hivyo na nusu ya watoto hawajaliona darasa?

Baba Mdogo Bakari: Kabisa kaka. Watoto walitoka milioni moja na ushee wakazidi milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 80.

Mzee Salehe: Wakazidi, ndiyo. Nani akawafundisha? Mimi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nina miaka kumi na saba. Tulichukuliwa maelfu. Asubuhi unafundisha, mchana unafundishwa na mratibu, jioni unasikiliza kipindi cha redio na kujaza masomo ya posta. Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa watoto sabini na kitabu kimoja chenye jalada lililokatika. Baadhi yao walikuwa wakubwa kuliko mdogo wangu Bakari.

Mzee Salehe: Mpango ule uliitwa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote. Watu wakasema maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Niliyasikia hayo dukani, nikayasikia msikitini. Na mwenyewe nilijua kuna mengi nisiyoyajua. Sehemu za desimali nilizifundisha miaka miwili bila kuzielewa. Wale watoto nawaona mpaka leo, wengine ni babu sasa, na nikikutana nao huwa nawaza nini niliwanyima.

Shangazi Rehema: Kaka, hujawahi kutuambia haya.

Mzee Salehe: Ningewaambia nini? Mshahara ule ndio uliokusomesha wewe.

Asha: Baba.

Asha: Na mimi 2007 nilipotoka kidato cha sita nilipewa mafunzo ya wiki chache nikapelekwa shule ya kata. Ilani ya CCM ya 2005 ilitaka sekondari kila kata, na zikajengwa kweli: 2005 nchi nzima shule zilikuwa chini ya 2,000, 2010 zimevuka 4,000. Wazazi walibeba mawe na mchanga kichwani. Sisi walimu tukaitwa vodafasta, yaani walimu wa kupikwa harakaharaka. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliniita hivyo mbele ya darasa na nikaendelea kuandika ubaoni kama sijasikia.

Mzee Salehe: Hukuniambia.

Asha: Na wewe hukuniambia ya kwako.

Mama Neema: Dada, pole.

Asha: Nilienda chuo baadaye, nimepoa. Lakini yalikuja matokeo ya kidato cha nne ya 2012. Watahiniwa zaidi ya laki mbili walipata sifuri, zaidi ya nusu ya waliofanya. Ikaundwa tume, matokeo yakapangwa upya. Mimi nilikuwa najua majina. Waliingia kidato cha kwanza 2009, kwenye madarasa mapya yenye harufu ya rangi, wengine mwaka mzima bila mwalimu wa fizikia. Alama zikipangwa upya fizikia haimrudii mtoto.

Hamisi: Ndiyo maana nasema chama kilekile miaka yote. Chadema walisimama 2010 na elimu bure, wakaambiwa haiwezekani. Miaka mitano baadaye CCM wanaichukua wanaiita yao.

Baba Mdogo Bakari: Na mgombea wenu wa 2015 alikuwa nani? Lowassa. Aliyesimamia hizo shule za kata akiwa Waziri Mkuu. Akahamia kwenu na kaulimbiu ya elimu, elimu, elimu.

Hamisi: Kuhama hakufuti hoja, baba mdogo.

Mzee Salehe: Hamisi, mwanangu, sikukatazi chama chako. Nilikwenda mikutano ya pande zote mbili mwaka ule, nilisimama jua kali. Neno bure nililisikia kila jukwaa na watu walipiga vigelegele, na mimi nilipiga makofi. La walimu watatoka wapi, wangapi, watalala wapi huko vijijini, sikulisikia upande huu wala ule. Hilo ndilo linaloniuma. Tangu Musoma chama kinafungua mlango wa shule kwa tamko, na kufungua ni kwema, halafu mwalimu anatafutwa watoto wakiwa wameshakaa.

Baba Mdogo Bakari: Kaka, pesa zingetoka wapi? Baada ya Musoma ikaja vita ya Kagera, na mafuta yakapanda bei.

Mzee Salehe: Kweli, nchi ilielemewa. Ndiyo maana baadaye tukarudi kwenye kuchangia, watoto wakaanza kubaki nyumbani, mpaka ada ya msingi ilipofutwa tena na MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ukaanza 2002. Sibishani na hilo. Nasema tu kwamba Wizara inajua mtoto aliyeanza la kwanza mwaka gani atafika kidato cha kwanza mwaka gani. Mwalimu wake angeweza kuanza kusomeshwa mapema.

Asha: Na sasa sera mpya, Toleo la 2023, inasema elimu ya lazima miaka kumi, msingi miaka sita badala ya saba, halafu minne ya sekondari. Naiunga mkono kwa moyo wote, hasa kwa wasichana. Tangu Novemba 2021 waliokatiza kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi, na nimewapokea wawili darasani kwangu. Ila huo mwaka ambao darasa la sita na la saba watapanda pamoja, nataka kuona orodha ya walimu kabla ya orodha ya vyumba.

Shangazi Rehema: Haya, Mama Neema aende na jibu gani Jumamosi?

Hamisi: Agome. Ukilipa, wataona hakuna pengo na hawataleta mwalimu.

Mama Neema: Nilitaka kugoma, kaka. Lakini mtihani wa Neema haungoji.

Asha: Kamati iandike barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa diwani na afisa elimu. Waandike idadi: wanafunzi wangapi, vipindi vingapi havifundishwi kwa wiki, tangu tarehe gani. Baba mdogo, wewe unakaa na diwani vikao vya chama, ipeleke mkononi mwake.

Baba Mdogo Bakari: Nitaipeleka. Na sitaificha kwenye kikao cha tawi, nitaisoma.

Hamisi: Hapo nakushukuru, baba mdogo.

Neema: Shikamooni wote. Mama kanipa simu nisome. Babu, huyo kijana anafundisha vizuri. Logarithimu nilikuwa nalia, kwake nimezielewa. Anakuja kwa miguu na viatu vyake vimeisha. Jumamosi msimwondoe.

Mzee Salehe: Marahaba mjukuu wangu. Ana miaka mingapi?

Neema: Alituambia ishirini na tatu.

Mzee Salehe: Mama Neema, mchango wako wa kwanza nitautuma mimi leo. Na barua muiandike kesho, mniletee nami nitie sahihi.